Matawi ya Kona ya Mwamba

Barabara ya kwenda msitu wa Mbololo ilikuwa ya serikali, na nambari yake iliandikwa kwenye kibao, ingawa ukiipanda kwa miguu utajiuliza serikali iliona nini huko. Inaachana na lami upande wa Voi, inapinda mlimani kona baada ya kona, kisha inafika mlangoni mwa msitu na kuishia hapo, kana kwamba imeogopa kuingia. Peris hakuilaumu. Hata yeye aliuogopa msitu ule.

Kiangazi cha mwaka ule wa 1996 kiliwatoa ndovu Tsavo wakapanda hadi vilimani, na wiki iliyotangulia walikuwa wamemuua mzee Maundu mbele ya zizi lake. Wanawake waliruhusiwa kuokota kuni kavu tu. Ukikata jani bichi, askari wa msitu hakuachi. Jioni hiyo wenzake walikuwa wamemtangulia, akawa anashuka peke yake, mzigo wa kuni mgongoni. Huko juu aliwaacha watu wakimalizia kupakia magogo kwenye lori la dereva Kituku.

Karibu na kona ya mwamba aliona matawi mabichi barabarani. Ndovu, alijiambia, wamevunja sasa hivi. Akasimama akisikiliza. Kimya. Hapo ndipo alipowakumbuka mbuzi wake, ambao siku hizi walikuwa wakitafuna magunia. Wahenga walisema tamaa mbele, mauti nyuma, lakini Peris hakuwa na tamaa, alikuwa na mbuzi. Akaokota tawi moja, mbele kidogo akaokota jingine, na jingine, akayafunga yote kwa leso mbio mbio. Muda wote macho yake yalikuwa vichakani, si kwenye alichokiokota.

Alipoipita kona, alikuta lori limesimama katikati ya njia. Lilikuwa la Munir, mwenye duka Voi, na dereva wake alikuwa Donald, mume wa Peris, aliyemuaga asubuhi kwamba anaenda Taveta kuleta ndizi. Chini ya lori ilitokeza miguu yenye viatu alivyovijua.

"Baba Abby?"

"Mama Abby, ni wewe? Nilibadilishiwa safari, nikatumwa mbao, sasa gari imenikatalia. Usiniongeleshe. Nikiachilia hii kitu itaniangukia."

Peris akalitazama furushi lake. Matawi yale yalikuwa yamepangwa, moja baada ya jingine, vile kila dereva hupanga gari likimharibikia, kuwaonya wanaokuja. Na huko juu, lori la Kituku likaanza kunguruma likishuka.

Alizibwaga kuni, akakimbia kurudi alikotoka. Alitaka kuyatandaza matawi, lakini fundo la leso alilikaza mwenyewe, na vidole vilikataa kulifungua. Akalitupa furushi zima barabarani, akasimama nyuma yake mikono juu, akilia kwa sauti. Ndovu hata hakuwakumbuka. Lori lilitokea likiwa na mbio zake zote, breki zikalia, magogo yakagongana, likaparuza ukingo wa mlima na kusimama karibu kiasi kwamba alisikia joto la injini usoni.

Kituku aliruka chini. Alitembea hadi konani, akaona lori la mwenzake, na Donald, aliyekwisha kukitegemeza kile kitu alichokishikilia, akijikokota kutoka chini yake.

"Wewe Donald, unalalaje chini ya gari bila kuweka matawi? Ningekuua."

"Niliweka," Donald akasema. "Niliyapanga na mkono wangu."

Wote wawili wakaligeukia furushi lililofungwa kwa leso. Donald aliijua leso ile, aliinunua yeye.

"Mbuzi hawajala, Baba Abby," Peris akasema.

Donald alipiga magoti barabarani akashughulika na lile fundo mpaka likafunguka, akayapanga matawi upya, moja baada ya jingine. Kisha akaikung'uta leso na kumpa mkewe.