Faini ya Kusalimu Njiani

Wewe jirani ulipita ukageuza uso kwenye migomba. Kufuli la zahanati uliliona. Lina kutu tangu mwaka jana, 1993, na mimi sisahau.

Ngoja nikukumbushe lilivyofungwa. Celestin, dereva wa pikapu inayokwenda Kayanga, hakuweza kumpita mtu bila salamu, na salamu zetu unazijua: lazima uulize ya nyumbani, ya ng'ombe, na kahawa imechanua vipi. Alikuwa anatoa kichwa dirishani, mkono mmoja kwenye usukani, mpaka siku moja akaingia na gari shambani kwa mzee Rwezaura. Hakufa mtu. Baraza la madiwani la Kayanga likapandisha faini ya dereva asiyetazama mbele, kutoka elfu moja hadi elfu kumi.

Faini sikuipinga. Nilipinga bajeti. Karani wao, Protase, alichukua makosa mia moja na arobaini ya mwaka uliopita, akazidisha kwa elfu kumi, wakapiga makofi. Posho ya mkunga wetu, Adventina, na mafuta ya taa ya jokofu la chanjo wakavitegemeza kwenye fedha hizo. Nikauliza, "Na madereva wakitazama mbele?" Wakacheka.

Basi wakatazama mbele. Celestin alimkalisha bibi Deodatha kiti cha mbele bila nauli, kazi yake kusalimia watu. "Dereva anawasalimu," bibi anapaza sauti dirishani, "shingo yake imepanda bei."

Mwaka mzima zililipwa faini sita. Adventina alivumilia miezi mitano bila posho, akafunga mlango wa zahanati kwa kufuli, akarudi kwao Muleba.

Kampire, mke wa mdogo wangu, alikuwa na mimba ya miezi minane. Mama yetu akaenda kusimama njiani, pikapu ilipopunguza mwendo.

"Celestin mwanangu, nisalimie."

"Shikamoo mama." Macho yake barabarani.

"Geuka basi. Kidogo tu. Askari yule pale. Akuandikie faini, mkunga arudi."

"Elfu kumi utanipa wewe, mama?"

"Ningekuwa nayo ningempa Adventina."

Abiria walicheka sana. Mama alibaki kando ya barabara, vumbi likimshukia, hajui amwombe nani tena.

Mtoto wa Kampire alizaliwa juu ya pikapu hiyohiyo, njiani kwenda Kayanga, Celestin akitazama mbele kama sheria inavyotaka. Mtoto hakulia.

Sasa Kampire ana mimba tena, ya miezi saba. Na Protase ameshaandika bajeti mpya: makosa yaleyale mia moja na arobaini, safari hii mara elfu ishirini.

Itasomwa Kayanga Alhamisi. Peke yangu nimeshasema, nikachekwa. Weka jembe chini. Njoo usimame karibu nami, useme kwa mdomo wako kwamba posho ya mkunga itoke kwenye ushuru wa kahawa tunaokatwa kila msimu. Alhamisi, saa tatu asubuhi. Usipite tena.