Rawya na Nyota Inayokimbia

"Mtoto wa kunishinda mimi bado mamake hajamzaa," alisema Wagdi, mpiga picha za macho, akiifuta mashine yake kama bwana harusi anayefuta viatu. Hospitali yote pale mjini Tanta ilishauchoka wimbo huo, mpaka paka wa uani.

Basi mtoto huyo, kumbe keshazaliwa, akaingia. Rawya, miaka mitano, shanga ya buluu ya kukinga kijicho kifuani, kaongozana na bibi yake, Hajjati Saniyya. Tangu kuzaliwa alikuwa na pengo katikati ya retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha. Ni kasoro adimu, na Daktari Inas alitaka picha safi leo leo. La sivyo, mtoto angepelekwa Kairo, apigwe picha akiwa amelazwa kwa dawa ya usingizi. Mara ya mwisho dawa hiyo ilimkata pumzi. Hajjati hajasahau.

"Weka kidevu hapa, binti mfalme. Tazama nyota ya kijani."

Rawya akageuza kichwa. Wagdi akakinyoosha. Akageuza tena. Picha ya kwanza ukungu, ya pili kope tupu. Akamhonga kashata ya ufuta. Kidevu kikanata kwenye mashine, kichwa bado upande.

"Ami, nyota yako inakimbia."

"Ikimbilie wapi? Imo ndani ya mashine!"

Mara ya sita jasho likamtoka Wagdi. Hajjati, mfuga njiwa juu ya paa, akaguna.

"We mwanangu, umewahi kuona njiwa akikutazama uso kwa uso? Mtoto huyu naye huona kwa upande. Hata katuni hutazama hivyo. Mwache!"

Wagdi akaachia kichwa. Akaisogeza nyota pembeni kidogo kidogo.

"Hapohapo! Imetulia!" akasema Rawya.

Mashine ikalia. Kwenye skrini tabaka za retina zikajipanga, na katikati lile pengo, kingo zake wazi kabisa. Hajjati akashusha pumzi.

Daktari Inas akachungulia. "Kairo haiendwi tena. Umewezaje?"

"Uzoefu, Daktari. Alipoingia tu mlangoni, nikajua huyu hutazama kwa upande."

"Muongo!" Rawya akaruka, kashata shavuni. "Mbona umenishika kichwa mara sita? Bibi ndiye kasema!"

Daktari akainama penye kile kiegemeo cha kidevu. Akabandua punje ya ufuta, akamwekea Wagdi kiganjani: "Shika uzoefu wako."