Siku Waliyomketisha Elzie

Kaka yangu Elzie Mobley hakujua kuimba. Sauti yake ilikuwa kama mlango wa ghala. Lakini mkalishe nyuma ya lile gitaa la kulala, lenye miguu kama meza na makanyagio chini, mpe kile kipande cha chuma cha kuteleza juu ya nyuzi, na wewe mwenyewe utaapa kwamba kuna mtu analia mle ndani. Kanisani kwetu hatukuliita gitaa, tuliliita chuma. Mhubiri akikwama, chuma kinamvusha. Akinyamaza, chuma kinaendelea kuhubiri bila neno hata moja, na watu wanaelewa kuliko walivyomwelewa yeye.

Baba ndiye aliyemfundisha, kwa makofi zaidi kuliko kwa maelezo. Baba alipofariki, Elzie akarithi kiti. Siku za kazi alikuwa fundi wa viyoyozi, akitambaa chini ya nyumba za watu hapa Fort Pierce, Florida, akitoka na utando wa buibui kichwani. Jumapili alivaa suti yake ya kahawia, akaketi kushoto mwa mimbari. Sijawahi kuona mtu akibadilika namna ile. Fundi alibaki nje kwenye maegesho.

Mama yetu, Ozella, alikuwa mmoja wa wale akina mama wa benchi la mbele, wanaovaa nyeupe kuanzia kofia hadi viatu. Zamani alifulia watu nguo, na alikuwa na wimbo wake wa kuguna mdomo umefungwa. Haukutoka kitabuni na haukuwa na maneno. Ulipanda taratibu kama mtu anayebeba ndoo mbili za maji, ukifika juu unaachia. Elzie aliuchukua wimbo ule akauweka kwenye chuma. Akiupiga, Mama anasimama na kuinua kitambaa chake, na waumini wote wanajua ni nani anayeitwa.

Halafu akaja Mzungu mmoja kutoka Tennessee mwenye kampuni ndogo ya kurekodi. Alikuwa amemsikia Elzie kwenye mazishi ya mtu. Wakaenda Orlando, wakarekodi sahani nzima ya santuri: chuma, besi na ngoma, basi. Nyingine zilikuwa tenzi za kanisani, nyingine zilikuwa bluzi tupu, zile nyimbo za huzuni za baa, na katikati ukawekwa wimbo wa Mama. Waliuita "Ozella Anafua."

"Utatafuta balaa," nilimwambia.

"Balaa gani, Verdell? Sijaweka neno hata moja mle. Mtu wa kanisani atasikia kanisa. Mtu wa baa atasikia moyo wake. Kosa liko wapi?"

Kosa lilipatikana. Jumapili moja, baada ya ibada, Askofu Thurlow Gaines alizuia watu wasitoke. Akaichukua ile sahani, akaiweka kwenye spika za kanisa, na akachagua makusudi ile bluzi ya polepole kuliko zote. Tukaisikiliza yote tumesimama, na mikoba mabegani.

"Ndugu Elzie," Askofu akasema ilipoisha, "huyu anayelia humu analilia nini?"

"Sijui, Baba Askofu. Inategemea na anayesikiliza."

Watu wachache wakacheka. Askofu hakucheka.

"Mimi ninayesikiliza, ninasikia mwanamume aliyekimbiwa na mke."

"Basi hilo Baba Askofu unalijua kuliko mimi."

Hakuna mtu mle ndani asiyejua kwamba mke wa kwanza wa Askofu alikwenda Jacksonville kumsalimia dada yake, na mpaka leo bado anamsalimia. Lakini hakuna aliyewahi kulisema mbele yake. Nilimwona Elzie mwenyewe akishtuka, kama mtu aliyedondosha sahani ya udongo na anaisubiri ifike sakafuni.

Askofu aliongea taratibu sana. "Chuma cha nyumba ya Bwana hakiendi kulewa Jumamosi kikarudi Jumapili. Tangu leo umeketishwa."

Kuketishwa, kwetu, ni kuvuliwa huduma. Unaruhusiwa kuja na kutoa sadaka, lakini huruhusiwi kugusa chochote. Elzie akakifungua chuma chake miguu, akakitia kwenye sanduku mbele ya kila mtu, akakibeba hadi nje. Hakuna aliyemshikia mlango. Jumapili iliyofuata kiti kilikuwa na mtu: Jarvis, mpwa wa Askofu, kijana mrefu mwenye vidole vyepesi na tabasamu jingi. Mama alikaa benchi lake la mbele, na tangu siku ile sikumwona tena akiinua kitambaa.

Mzungu wa Tennessee alimtafutia Elzie mahali pa kupiga, kwenye mabaa ya Tampa na Gainesville. Niliwahi kwenda naye mara moja, sikurudia. Alipiga mpaka nikalia, halafu jamaa mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Babu, imba basi! Au umemeza ulimi?" Kulipokuwa na mapumziko, mwanamke mmoja akaja kumpongeza, na huku anaongea akaweka glasi yake ya bia juu ya chuma, kwa kuwa kinafanana na meza. Elzie akaiinua ile glasi, akamrudishia kwa adabu, akafuta maji kwa tai yake. Tuliporudi garini akaniambia, "Kule wananiambia nina shetani, huku wananiambia nina kanisa. Niende wapi mimi?" Baada ya miezi kadhaa akaacha kwenda. Akabaki na viyoyozi vyake.

Mama alikufa mwezi wa Agosti, kwenye joto la kuyeyusha lami. Alikuwa ametuagiza zamani, tukiwa sote wawili pembeni ya kitanda: "Siku hiyo sitaki kwaya. Nataka mwanangu anitoe kwa chuma. Ule wimbo wangu." Kwa hiyo nilikwenda kwa Askofu. Nilimkuta anamwagilia nyasi zake, amevaa kandambili.

"Baba Askofu, nimekuja kuomba. Siyo kwa ajili yake, ni kwa ajili ya marehemu."

"Dada Verdell, mama yako nilimpenda kama mama yangu." Aliendelea kumwagilia. "Mlango uko wazi. Elzie asimame mbele ya waumini, aseme rekodi ile ilikuwa dhambi na kazi ya shetani. Akanushe yote, mwanzo hadi mwisho. Kisha tutaona chuma."

"Tutaona, au atapiga?"

"Wewe mwambie akanushe."

Nilidhani Elzie atanifukuza. Alikuwa jikoni, anakata shingo za bata mzinga za kupikia mboga za msiba. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakuinua kichwa.

"Sawa," akasema.

"Sawa nini? Utampigia magoti yule?"

"Nitamtambalia kwa tumbo akitaka. Natambaa kila siku chini ya nyumba za watu, nitashindwa kwa Mama?"

"Elzie, yule mtu hajakusamehe lile neno la mkewe."

"Najua. Hata mimi nisingejisamehe." Akakusanya shingo kwenye sufuria. "Nisogezee chumvi."

Siku ya mazishi kanisa lilijaa mpaka watu wakakaa ngazini. Jeneza lilikuwa wazi. Mama alikuwa amevalishwa nyeupe yake, na mtu alikuwa amempaka rangi ya mdomo ambayo asingeikubali akiwa hai. Elzie alikuja mapema, akakifunga chuma chake miguu, akakilinganisha nyuzi, akakiweka kushoto mwa mimbari. Jarvis aliketi kwenye benchi la nyuma yake, mikono mapajani.

Alipoitwa, Elzie akapiga magoti pale pale, kati ya jeneza na mimbari. Akasema aliyoambiwa aseme. Alisema rekodi ilikuwa dhambi. Alisema aliupeleka mvinyo wa Bwana kwenye meza ya shetani. Sauti yake ile mbaya ilimkatika mara kadhaa.

"Yote?" Askofu akauliza kutoka juu.

"Yote."

"Hata ule wa mama yako?"

Nilimwona Elzie akigeuza kichwa kuliangalia jeneza.

"Hata huo," akasema. "Si wangu. Wala simo."

"Amina!" watu wakaitikia, na akina mama wa mbele wakaanza kujipepea. Askofu akashuka, akamshika bega, akamwinua. Akamkumbatia vizuri kabisa. Kisha, mkono ukiwa bado begani mwa Elzie, akawaambia waumini kwamba toba ni mche, haupandwi asubuhi ukavunwa mchana. Ndugu Elzie amerudi nyumbani, Bwana asifiwe. Ataketi kwa msimu mmoja ajaribiwe. "Leo Jarvis atamtoa Mama Ozella."

Akamwongoza Elzie hadi benchi la familia, kama unavyomwongoza kipofu. Na Jarvis akaketi nyuma ya chuma cha Elzie. Chuma chenyewe, kilicholinganishwa nyuzi na Elzie asubuhi ile.

Akapiga wimbo wa Mama.

Hakuupiga kama ulivyokuwa ukipigwa kanisani zamani, hilo asingelijua, alikuja baada ya Elzie kuketishwa. Aliupiga kama ulivyo kwenye rekodi. Kupanda kulikuwa kule kule, na pale katikati ambapo kule Orlando kile kipande cha chuma kilimteleza Elzie kidogo wakaamua kuacha hivyo hivyo, naye Jarvis akateleza pale pale. Rekodi iliyokanushwa muda mfupi tu uliopita, kijana alikuwa ameijua yote kwa moyo.

Kanisa likalipuka. Ngoma zikaingia, watu wakavua viatu, mashemasi wakakimbia kwenye ujia. Nilisimama juu ya benchi. Nikapiga kelele, "Baba Askofu! Huo ni wa kwenye rekodi! Huo ni wa Elzie! Mnacheza nini?" Nilipiga kelele mpaka koo likachanika, nikimwonyesha Askofu kidole. Hakuna aliyenisikia. Wakaja wahudumu wawili wenye glavu nyeupe, wakanishika mikono kila mmoja upande wake kwa upole, wa tatu akanivua miwani isivunjike. Walidhani nimejazwa Roho.

"Mwachie Bwana, dada yangu," mmoja akaniambia sikioni, huku ananipepea. "Mwachie yote."

Nilipomgeukia Elzie, alikuwa amekaa, mikono imelala juu ya magoti, anamtazama Jarvis miguu. Alikuwa anaangalia namna anavyokanyaga.

Baada ya kutoka makaburini tulikula ukumbini: kuku wa kukaanga, mboga, wali wa maharage. Jarvis akaja mpaka mezani kwetu, jasho bado halijakauka, na macho mekundu. Nadhani alikuwa amelia kweli.

"Mzee Elzie, naomba unisamehe. Mjomba ndiye aliyeamua. Mimi sahani yako nimeisikiliza mpaka ikaanza kuruka. Wewe ndiye mwalimu wangu, hata kama hunijui."

Elzie aliendelea kumtoa kuku mfupa.

"Pale kwenye kuteleza," akasema mwishowe, "mimi nilikosea. Wewe una kisingizio gani?"

Kijana akaondoka na sahani yake ya chakula.

"Kwa nini hukusimama?" nilimwuliza Elzie tulipobaki wawili. "Kwa nini hukusema ni wa kwako?"

"Niseme vipi? Nimetoka kupiga magoti mbele ya Mama nikasema si wangu." Akafuta vidole. "Yule mzee ana akili, Verdell. Ana akili sana."

Msimu ukaisha. Askofu, mtu wa neno lake, akamwita Elzie mbele Jumapili moja ya masika na kumrudishia kiti. Watu wakapiga makofi. Wengine walikuwa wametoka Miami kwa ajili hiyo tu. Elzie akaketi, suti ya kahawia, kipande cha chuma mkononi. Wakati wa sadaka akaanza utenzi wa kawaida kabisa, ambao kila mtoto wa kanisani anaujua. Akaupiga bila kosa. Noti zote zilikuwa mahali pake. Tukasubiri kipande kile ambapo siku zote alikuwa anauacha utenzi na kupaa. Akakifikia, akakipita. Alipiga kama mtu anayesoma bei kwenye tangazo la duka. Shemasi mmoja akamtia moyo, "Ongea, Ndugu Elzie, ongea!" na wachache wakaitikia, halafu nao wakanyamaza. Kapu la sadaka likazunguka. Mtoto akalia nyuma.

Ilikuwa hivyo Jumapili iliyofuata, na nyingine, na nyingine. Akina mama wa mbele walianza kuangalia saa zao. Kabla kiangazi hakijaanza Askofu alimshukuru mbele ya watu kwa huduma yake ya miaka mingi, akampa cheti chenye fremu, na Jarvis akarudi kwenye kiti. Sahani ya kanisa iliyotoka mwaka uliofuata ina wimbo wa Mama ndani yake. Umepewa jina la utukufu na jina la Jarvis chini.

Mimi nilifurahi siku ile ya cheti, nisidanganye. Niliona kaka yangu amewalipa. Wamemtaka bila moto, amewapa bila moto, wakashiba. Nilimfuata mpaka kwenye gari lake la kazi, alikuwa anapakia sanduku la chuma kati ya mitungi ya gesi na mabomba.

"Umewakomesha," nikamwambia. "Ulifanya makusudi, sivyo?"

Akafunga mlango wa nyuma, akaujaribu kama umeshika.

"Natamani ningekuwa nimefanya makusudi," akasema. "Kila Jumapili nilikuwa nautafuta moto."