Kufumua Kabla ya Kunyolewa

Dada yangu alifundisha fasihi sekondari mpaka uvimbe wa kichwani ulipomlaza. Sasa ni marehemu, na ninaandika ili asubuhi ile isinipotee.

Nesi alikuwa ametuambia kwamba dada atanyolewa kabla ya kuingizwa chumba cha upasuaji. Dada akataka nimfumue kwanza. Alikuwa amesukwa rasta nyembamba za nywele bandia, kila ncha imefungwa fundo la uzi. Mimi nilikuwa hoi, wiki nzima nalalia kiti cha wodini. Nikamwambia hizo zinanyolewa tu, tunajisumbua bure.

"Kukata si kufumua, mdogo wangu," akasema.

Kisha akanifundisha kama niko darasani kwake. Wanafasihi, akasema, wana neno la Kifaransa, dénouement, kwa ile sehemu ya mwisho wa hadithi ambapo mambo yaliyotatizana huwekwa wazi. Asili yake ni kufungua fundo. Akalalamika kwamba wanafunzi wake, hadithi ikiwashinda, humuua mhusika mkuu kwa ajali ya gari na kuandika tamati. Huko ni kutumia mkasi. Aliwapa sifuri.

Nilianza vibaya. Nilishika rasta kwenye shina nikavuta, akakaza meno. Akanieleza taratibu kwamba kufumua huanzia nchani, pale msusi alipomalizia, na kwamba darasani kwake ningefeli. Tukacheka, kicheko kidogo cha watu waliochoka.

Nesi alikuja na kitanda cha magurudumu, mkasi mkononi, upande wote wa kushoto ukiwa bado. Akasema daktari anasubiri. Dada hakubishana. Alikishika kichwa chake kwa mikono miwili.

"Sista, naomba nisikatwe hivi."

Nesi akamtazama. Akatia mkasi mfukoni, akaketi upande ule wa kushoto.

"Haya, mwalimu. Ila nikifukuzwa kazi, utaniajiri wewe."

Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu.

Fundo la mwisho lilipofunguka, dada alipitisha vidole kwenye nywele, toka utosini hadi kisogoni, polepole. Havikukwama popote.

"Sasa wanyoe," akasema.

Nesi akamsukuma kwenda chumba cha upasuaji. Nilibaki kitandani kwake na rundo la rasta mapajani, nikitaka kuinuka nikalitupe. Usingizi ukanichukua nikiwa nimeketi.