Laini ya Shemeji

Kwa miaka sita barua za benki za Auleria zilifika Mbagala zikiwa zimeshafunguliwa. Hakuwa na sanduku la posta. Mshona sare za shule atalipata wapi? Alitumia la ofisini kwa Gervas, mdogo wa marehemu mumewe, na Gervas alizileta mwenyewe, bahasha imechanwa, na maneno yaleyale: "Shemeji, nilidhani ni ya kwangu." Kisha anaketi, anakunywa chai, na kikombe hakijaisha ameshapata shida inayolingana sawasawa na salio.

Mwezi wa pili alikuja na barua pamoja na fomu. Benki ilikuwa inaacha karatasi. Taarifa za akaunti sasa zingekuja kwa barua pepe na kwenye simu. Fomu alikuwa ameshaijaza, na barua pepe aliyoandika ilikuwa yake yeye Gervas.

"We tia saini tu hapo chini. Mambo ya mtandao yatakusumbua bure."

Auleria alibakiza milioni moja na laki mbili amalize kulipia kiwanja chake cha Pugu, na akiba ilikaribia kutosha. Gervas alishaliona hilo, maana alishaanza kuitaja giaboksi ya gari lake. Auleria aliipokea fomu, akaigeuza, akachora nyuma yake kola ya shati aliyokuwa anaikata.

"Nitakwenda mwenyewe," alisema.

Kule benki binti wa kaunta, Recho, alimpa shikamoo, kisha akamuuliza: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la nani? Auleria alijibu kuwa ni la shemeji yake. Wakati wa kusajili kwa alama za vidole kitambulisho chake cha taifa kilikuwa hakijatoka, na shemeji ndiye aliyeweka kidole.

"Basi mama, mwenye kidole ndiye mwenye laini," Recho alisema. "Akienda kwa wakala akadai imepotea, anapewa nyingine yenye namba ileile. Ujumbe wote wa benki utaingia kwake, hata ule wa kuthibitisha malipo."

Hasira ilimpanda Auleria mpaka masikioni, na nyingine ilikuwa ya kujikasirikia mwenyewe, kwamba miaka yote hiyo alikuwa anashukuru. Siku hiyohiyo alikwenda kwa wakala na kitambulisho chake, akaweka kidole chake, akapata laini mpya, akarudi benki kabla hawajafunga. Alipokuwa anaweka namba ya siri, Recho alimgeuzia kisogo. Hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kumpa heshima ya namna hiyo. Laini ya zamani aliiacha kwa ajili ya wateja tu, na Gervas hakuambiwa kitu.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano laini ya zamani ikakata mtandao ghafla. Kesho yake Gervas akaja, mikono mitupu.

"Shemeji, mbona barua za benki hazionekani tena? Nipe hiyo namba ya siri nikutunzie. Sie ukoo mmoja. Ukifa ghafla je?"

"Nikifa utakwenda na cheti cha kifo kama watu wengine. Leo niko hai."

"Unanivunjia heshima."

"Benki wamesema nisimpe mtu yeyote, hata wao wenyewe. Wewe ni nani hata uwapite?"

Gervas akafura. "Kaka angekuwepo..."

"Angekuwepo angekuuliza hilo gari limekula shilingi ngapi za mjane wake! Kiwanja nimemaliza kulipa Ijumaa. Huna cha kusoma tena kwangu."

Hapo simu ikaita. Haikuwa ile kubwa Gervas aliyoiweka mezani. Ilikuwa nyingine, mfukoni mwake. Akaiacha ikaita mpaka ikakoma. Ikaita tena.

"Pokea, shemeji. Huenda ni benki."

Gervas aliichomoa haraka ili aikate, kidole kikabonyeza pa kupokea, na spika ikawaka. Sauti ya mama mmoja ikajaa chumba kizima.

"Haloo, fundi Auleria! Sketi ya mwanangu imeisha?"

Gervas alibaki ameishika simu kama mtu aliyeshikishwa kaa la moto. Auleria hakupiga kelele wala hakuita majirani, ingawa alitamani.

"Mjibu mteja," alimwambia. "Mwambie iko tayari, elfu kumi na nane, na hela aniletee mie mwenyewe, mkononi."

Akamkazia macho mpaka akajibu.