Punje Namba Kumi na Saba

Bahasha zilikuwa thelathini. Punje zilikuwa ishirini na tisa.

Mpimaji alizipanga upya mezani na kuzihesabu kwa ncha ya kibano, midomo ikimchezacheza kama mtoto wa darasa la kwanza. Ishirini na tisa. Akainama chini ya meza, akakung'uta koti lake jeupe, akachungulia hata ndani ya kikombe chake cha chai. Bahasha iliyokuwa tupu ni ya kumi na saba. Ilikuwa imefungwa vizuri, gundi haijaguswa, na ndani hamna kitu.

Kwa miezi miwili, kila mgonjwa aliyeingia chumba cha picha za moyo alikuwa akibandikwa punje moja chini ya mtulinga wa kushoto. Ilikuwa nyeupe, ndogo kama ya mchele, ikishikwa na kipande cha plasta. Mgonjwa alichomwa sindano ya dawa yenye mionzi, kamera ikamzunguka kifua taratibu, na punje ikakaa pale ikiweka kumbukumbu ya mionzi iliyompata. Baadaye punje zote zilipashwa moto kwenye mashine maalumu, nazo zikatoa mwanga. Iliyopata mionzi mingi iling'aa zaidi. Mpimaji alitaka kujua jambo moja tu: je, bibi wa kilo arobaini na mbili alikuwa na haja ya kupewa dawa sawasawa na baba wa kilo mia? Mkuu wa kitengo alikuwa amemwambia, "Niletee namba thelathini Jumatatu, tutazungumza." Leo ilikuwa Jumamosi.

"Kumi na saba ni nani?" aliuliza muuguzi wa zamu, mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya pili.

Mpimaji alifungua daftari. "Yule bibi fundi cherehani. Alhamisi ya wiki iliyopita."

"Aliyekwambia koti lako limekatwa vibaya mabegani?"

"Huyohuyo."

Wakatazamana. Alhamisi ile, kabla hajamtoa bibi punje yake, mpimaji aliitwa mbio chumba cha pili, mgonjwa ameanguka. Muuguzi akamvalisha bibi, akaifunga bahasha akijua punje imo, akamsindikiza hadi getini. Kila mmoja alidhani mwenzake ameitoa.

"Mpigie simu," alisema muuguzi.

"Piga wewe, dada."

"Mimi? Punje ni yangu? Piga, Kimyakimya. Simu haing'ati."

Kimyakimya ndilo jina walilompa pale kazini, kwa sababu maagizo yote aliwapa wagonjwa kwa mnong'ono, kama anayeomba radhi. Alikausha viganja kwenye koti, akapiga.

"Nani huyo ananong'ona?" ilisema sauti ya upande wa pili. "Kama ni mwizi, umechelewa, hapa hakuna kitu."

"Ni mimi, Bibi. Wa hospitali. Nilikubandika kile kidude cha... cha kupimia."

"Ahaa! Mjukuu wangu wa koti bovu! Nilikuwa nakungoja wewe."

"Samahani, Bibi. Nilitaka kuuliza, labda ulikiona kwenye nguo, au kilianguka..."

"Kianguke vipi? Kipo palepale ulipokiweka. Naoga nakipisha, nalala chali. Nimekilinda kama mboni ya jicho." Bibi alishusha sauti. "Enhe, kimeshakwambia?"

"Kimeniambia nini, Bibi?"

"Kwamba dawa imenitoka! Si ulisema nisikitoe mpaka uniambie? Na nisimbebe mtoto mchanga mpaka dawa initoke? Basi nangoja neno lako. Leo siku ya tisa. Ila jitahidi kidogo, mwanangu. Binti yangu na mtoto wanasafiri kesho alfajiri, na huyo mtoto wamempa jina langu. Sijamshika hata kidole."

Mpimaji alihisi masikio yakimwaka. Dawa ile huisha mwilini upesi. Agizo lilikuwa kukaa mbali na watoto wachanga mpaka kesho yake tu.

"Bibi, muuguzi hakukwambia mpaka kesho yake?"

"Aliniambia. Lakini mwenye kipimo ni wewe. Mimi nimeshona miaka arobaini. Hata mtu aseme nguo inatosha, mimi nangoja futi."

"Dawa ilishatoka zamani, Bibi. Mbebe tu. Mbebe hata sasa hivi."

"Umepima?"

"Sijapima, lakini najua..."

"Basi njoo upime," alisema bibi, akakata simu.

Muuguzi, aliyekuwa amesikia kila neno, alikuwa tayari amefungua kabati na kutoa kipimo cha mkononi, kile cha kukagulia mionzi sakafuni na kwenye masinki. "Nitakusainia mimi," alisema, bila mzaha wowote sasa. "Nenda."

Nyumba ya bibi ilikuwa na mlango wa bluu na vipande vya vitambaa hadi kizingitini. Bibi alikuwa ameketi nyuma ya cherehani kwenye kona ya mwisho ya sebule, futi shingoni. Binti yake alikuwa kona ya pili kabisa, mtoto mapajani. Katikati yao palikuwa na zulia tupu na begi la safari lililokwisha kufungwa.

Juu ya begi palikuwa na rundo la magauni madogo. Mpimaji aliliokota la juu, lingemtosha mtoto wa miaka mitatu. La pili lingembana mwanasesere.

"Usinicheke," alisema bibi. "Nilikata kwa kukisia, kutoka huku. Huyu binti nilimwambia anipimie mtoto, ananitajia shibiri! Shibiri na robo! Nimemsomesha hadi chuo, anapima kwa shibiri."

"Na mimi nimemwambia mara mia, Mama, njoo umpime mwenyewe," alisema binti. Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. "Kila nikimsogeza anarudi nyuma. Kusema kweli, nilishaanza kufikiri mtoto hajampendeza."

Bibi aliinamia cherehani akaanza kukata uzi ambao haukuwa na haja ya kukatwa.

Mpimaji alisimama katikati ya zulia. Agizo lake la mnong'ono, lisilotaja siku, ndilo lililowatenga watu hawa siku tisa, na kama angenong'ona tena asingeeleweka.

"Kosa ni langu," alisema kwa sauti iliyomshtua mwenyewe. "Bibi, kile kidude hakikuwa cha kungojewa. Kazi yake iliisha siku ileile. Nilipaswa kukitoa kabla hujavaa, nikasahau. Wewe hukukosea kitu. Ulifanya nilivyosema."

Bibi aliinua uso. "Ulisahau?"

"Nilisahau."

"Siku tisa nimeogea upande mmoja!"

"Nisamehe, Bibi."

"Haya, pima," alisema bibi. "Lakini usianze na mimi. Anza na ukuta."

Mpimaji aliwasha kipimo. *Tik*, kikalia. Kimya. *Tik... tik.*

"Mbona ukuta nao unalia?"

"Mionzi kidogo ipo kila mahali, Bibi. Kwenye matofali, ardhini, hata kwangu. Haidhuru. Tunataka kujua kama kwako imezidi."

"Pima kiti."

Akapima kiti. Akapima cherehani na begi, na kwa amri ya bibi akajipima yeye mwenyewe. *Tik... tik.* Ndipo akapiga magoti mbele ya bibi, akakishika kipimo karibu na kifua chake. Chumba kizima kilitega sikio. Mtoto naye aliacha kulialia.

*Tik.* Kimya kirefu. *Tik... tik.*

"Sawa na ukuta," alisema mpimaji.

"Sawa na ukuta," bibi alirudia.

Alifungua kifungo cha juu mwenyewe. Plasta ilikuwa imeota weusi pembeni na ngozi kuizunguka ilikuwa imepata vipele. Mpimaji aliilowesha kwa maji ya vuguvugu, akaibandua polepole asimwumize. Punje ilikuwa bado nyeupe. Aliitia kwenye bahasha yake, na juu yake akaandika: *Haifai kusomwa. Ilivaliwa siku tisa kwa kosa la mpimaji.* Jumatatu angempelekea mkuu wa kitengo namba ishirini na tisa, na angemweleza sababu kwa mdomo wake.

Alipoinua kichwa, zulia halikuwa tena tupu. Binti alikuwa amelivuka. Alimweka mtoto mikononi mwa mama yake, akabaki ameinama hapo, mkono wake chini ya mkono wa bibi.

Mtoto alimkodolea macho yule aliyempa jina, kisha akaishika ncha ya futi, akaivuta mdomoni.

"Ngoja, wewe," bibi alinong'ona. "Ngoja kwanza nikujue." Akaizungusha futi kifuani pa mtoto, akaishusha toka bega hadi kisigino, akiitaja kila namba taratibu kama anayesikia habari njema. Machozi yalikuwa yakimtiririka, hakuyafuta, mikono ilikuwa na kazi. "Bega dogo hili! Nami namshonea gunia. Leteni kile kitambaa cha njano. Gauni moja litakuwa tayari kabla ya alfajiri, la pili nitalileta mwenyewe."

Futi ilipofika mwisho hakuiondoa. Alimlaza mtoto begani, akaanza kuyumba mbele na nyuma. Mpimaji alibaki magotini akiwatazama, kipimo kikiwa bado mkononi, hadi macho ya mtoto yakaanza kujifumba.

*Tik... tik.*

"Mjukuu wangu," alisema bibi kwa sauti ya chini kabisa, "zima hicho kidude. Analala."