Eyo Thelathini na Nane

Kampuni ilimpeleka Annie Mbelu mahakamani kwa gari lake lenyewe, jipu jeupe lenye kiyoyozi, na dereva akaagizwa asipite sokoni, shahidi asije akaongea na watu. Maana Annie alikuwa shahidi wao. Siku mbili nzima walikuwa wamemkalisha ofisini wakimfundisha mambo matatu tu ya kusema: orodha ni ya kweli, mwandiko ni wangu, eyo maana yake ni oui, yaani ndiyo. Akishasema hayo anyamaze, na kesho yake atarudi kwenye meza yake ya ukarani kama kawaida. Mwanamke wa miaka arobaini na moja, mwenye diploma ukutani, akakaririshwa kama mtoto anayefundishwa sala ya kula.

Mahakama yenyewe ilikuwa ukumbi wa parokia, hapa hapa Kolwezi. Kesi ilifunguliwa Ulaya, kwa sababu makao makuu ya kampuni yako huko, na sheria ya huko siku hizi inasema mwenye kampuni hawezi kujificha nyuma ya tawi lake la Afrika. Uchafu aliomwaga huku Lualaba ataulizwa mlangoni kwake. Sheria nzuri, ingawa ilichukua muda wake kufika. Jaji, mwanamke mwembamba wa makamo, alikuja kwa ruhusa ya Kinshasa kuwasikiliza mashahidi pale wanapoishi. Alikaa nyuma ya meza ya wanakwaya, mkalimani kulia kwake, chupa ya maji kushoto.

Kwenye mabenchi walikaa watu wa Kanfwa, kijiji kilicho upande wa barabara ya Mutshatsha. Miaka mitatu iliyopita kampuni ilichimba mfereji wa kutoa maji machafu kiwandani, kule kobalti inakooshwa kwa asidi, na ikaupitisha kando ya mashamba yao. Mvua ya kwanza mfereji ukafurika. Majani ya muhogo yakaungua yakiwa bado mtini, samaki wa kijitoni wakaelea matumbo juu, na wanawake waliokuwa wakiloweka muhogo mtoni wakaanza kubanduka ngozi miguuni. Kobalti hiyo inakwenda kwenye betri za magari yanayosifiwa ng'ambo kwamba hayachafui hewa. Hewa ya nani, hawasemi.

Kampuni haikubishana tena kuhusu maji. Hilo lilikwisha kuwashinda, vipimo vilikuwa wazi mno. Utetezi wao sasa ulikuwa mwingine. Walisema sheria ya mataifa inataka wenye ardhi waulizwe kabla, waelezwe, wakubali kwa hiari yao. Nasi tuliwauliza, walisema, nao wakakubali. Hii hapa orodha: majina thelathini na nane, na mbele ya kila jina, oui.

Hizo oui zote aliziandika Annie kwa mkono wake, na tuseme ukweli, hakuna aliyemshika mkono. Siku ya mkutano kijijini, kabla mfereji haujachimbwa, mtaalamu mmoja wa kampuni alisimama chini ya hema akazungumza Kifaransa kwa dakika arobaini, hata neno asidi hakulitaja, na Annie akatafsiri alichosikia. Kisha mtaalamu akampa fomu yenye safu mbili, jina na jibu, akamwambia awaite watu mmoja mmoja. Annie alidhani ni orodha ya waliohudhuria, kwa sababu mikate na soda vilikuwa vinasubiri kugawiwa. Akaita. Watu wakaitika eyo. Mtaalamu akauliza wanasema nini, Annie akajibu kwamba wanasema oui, akaandika oui.

Mtu wa kwetu jina lake likiitwa haulizi kwanza anaitiwa nini. Anasema eyo. Nipo, nakusikia, sema. Kunyamaza ni utovu wa adabu, na mtoto anayenyamaza akiitwa na mkubwa huonyeshwa kwa kofi kwamba masikio yake ni mazima. Ni kweli pia kwamba mtu akikubali jambo husema eyo. Neno ni moja, na mwenye kulielewa ni yule anayejua limejibu nini.

Kosa la siku ile ni la kawaida, angeweza kulifanya yeyote. Lakini wiki mbili baadaye Annie ndiye aliyepiga chapa ripoti, na akafika kwenye mstari uliosema kwamba wakazi wote thelathini na wanane wameridhia. Vidole vyake vikasimama. Alijua pale pale. Mkataba wake wa kazi ulikuwa unangoja kutiwa saini mwezi ule, basi akaendelea kupiga chapa. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi miaka mitatu, wala hakuwa na wa kumlaumu.

Jina la mwisho kwenye orodha lilikuwa la mama yake mzazi, Mama Henriette, aliyechelewa siku ile kwa sababu alikuwa shambani. Shamba lile lile halioteshi kitu sasa. Habari ya orodha ilipofika kijijini, Mama Henriette alimjia binti yake nyumbani, akakataa kiti, akasema yeye aliitwa na mwanawe akamwitikia mwanawe. Hajui kampuni iliingia wapi katikati. Tangu hapo hakukanyaga tena kwa Annie, na sahani ya bukari, ugali wa kwetu, aliyotumiwa siku ya Pasaka aliirudisha imefunikwa vile vile. Leo alikaa benchi la nyuma, miguu yake yenye makovu imefungwa vitambaa, akimtazama binti yake anavyoshuka kwenye jipu la watu.

Wakili wa kampuni, Maître Blanchard Kalonji, hakuwa mzungu kama watu walivyotarajia. Alikuwa mtoto wa Kolwezi, baba yake fundi wa mgodi kutoka Kasai, na mama yake anaishi mtaa wa Manika hadi leo. Alivaa suti ya bluu na akazungumza Kifaransa kilichopigwa pasi. Alimpa Annie orodha, akamwuliza ni ya nani. Annie akasema ni yake. Mwandiko je? Wake. Akamwomba asome alichoandika mbele ya jina la kwanza, la mzee Tata Séraphin Mbayo, na mbele ya jina la pili, na la tatu. Oui, oui, oui.

"Na kwa Kiswahili cha hapa, Madame, oui inasemwaje?"

"Eyo," Annie akajibu.

Wakili akashukuru kwa adabu nyingi, akamwambia jaji kwamba hana swali lingine. Benchi la mbele Tata Séraphin aliinamisha kichwa. Jaji aliandika kitu, akamwuliza Annie kama analo la kuongeza.

Annie alikuwa ameambiwa aseme hapana. Alifungua kinywa na hapana ikakataa kutoka. Alihisi hasira ikimpanda, hasira ya mtu aliyetumiwa kama kalamu, na kubwa zaidi ilikuwa hasira yake juu yake mwenyewe. Maître Blanchard alikuwa amekwisha kumpa mgongo, anarudi mezani kwake huku akipanga makaratasi. Annie akashika orodha mbele ya macho, akaita kwa sauti ile ile ya chini ya hema:

"Kalonji Blanchard?"

"Eyo," wakili akaitika, hata hakugeuka.

 Mama mmoja akaguna, mwingine akacheka, na mara mabenchi yote yakawa yanacheka, kicheko cha watu ambao hawajacheka muda mrefu. Jaji akamtazama mkalimani, mkalimani akatazama viatu vyake. Wakili akageuka, uso umemwiva.

"Madame la juge, Maître ameitika," Annie alisema, na sasa hakujisumbua na Kifaransa. "Niandike oui? Niandike anaitika mutaro ya asidi ipite mu lupango ya nyumba ya mama yake, kule Manika?"

Wakili alisema huo ni mchezo wa kuigiza na si ushahidi. Akasahau Kifaransa chake na yeye. "Uliniita jina tu. Haukuniuliza kitu."

"Njo vile, Maître," Annie akasema. "Na bale batu, mi niliita jina tu. Hakuna mutu aliwauliza kitu."

Jaji akataka atafsiriwe yote tangu mwanzo, jina, jibu, kicheko na yote, na mkalimani akatafsiri taratibu akitoa jasho. Akamwuliza Annie lini alitambua kosa hilo. Hapo Annie angeweza kusema leo, na nani angembishia? Alisema alilitambua miaka mitatu iliyopita, akiwa anapiga chapa, akanyamaza kwa ajili ya mkataba. Aliona wakili akimnong'oneza mtu wa kampuni, na mtu wa kampuni akitoka nje na simu sikioni. Jipu lilisikika likiwashwa, likaondoka. Basi, atarudi kwa miguu.

Jaji akasema la kufanya kuhusu orodha ile ya zamani ataliamua yeye. Lakini watu wako hapa, akasema, na swali ambalo sheria inaamuru waulizwe halijawahi kuulizwa. Akalitamka yeye mwenyewe, mkalimani akalirudia kwa Kiswahili polepole, neno asidi likiwemo: je, mnakubali mfereji huo upite kando ya mashamba yenu? Kisha akamwambia Annie aite majina na aandike kila jibu kama linavyosemwa.

Wakili alipinga. Jaji akasema amesikia, akae.

Annie akapindua karatasi upande mweupe. Alimwita Tata Séraphin, na mzee akasimama, akavua kofia.

"Niko," alisema. "Na nakatala."

Wa pili akasimama akakataa vivyo hivyo, na wa tatu. Majina matano hayakuitikiwa. Watatu walihama, wawili wamezikwa, na Annie akaandika hivyo. Wengine wote walisema niko, kisha wakasema nakatala, wengine kwa sauti ndogo, wengine kama wanapiga meza. Annie hakupumzika, mpaka likabaki jina moja. Akaliita.

"Mama Henriette?"

Mama yake hakuharakisha. Alijishikiza kwenye benchi la mbele, akanyanyuka juu ya ile miguu yake, akamtazama binti yake machoni kwa mara ya kwanza tangu siku aliyokataa kiti.

"Niko," alisema. "Nakatala. Na leo uandike muzuri."